Kabla ya Kutoa Damu: Jinsi ya Kujua Kipimo Kitakugharimu Kiasi Gani Ukiwa na Bima ya Afya Marekani

Mtu aliyehamia Marekani na kupata bima ya afya kazini huchukua muda kuelewa kwamba kadi aliyopewa haimaanishi kuwa matibabu yake yamekwisha kulipiwa. Kila mwezi anakatwa ada kwenye mshahara, anakwenda kupimwa damu na kadi yake mkononi, karani anaipokea na kuirudisha bila kumdai hata senti, kisha wiki tano baadaye bahasha inaingia kwenye sanduku la barua ikimdai dola mia mbili na zaidi. Hajaibiwa, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Bima imefuata mkataba, ila huo mkataba hakuna aliyekaa naye kumfafanulia. Mwongozo huu unakusudia kumsaidia msomaji aijue hesabu hiyo kabla sindano haijaingia mkononi, kwa sababu karibu kila jambo linaloamua bei ya kipimo huwa limeshaamuliwa kabla sampuli haijafika maabara: sababu iliyoandikwa na daktari, mahali kipimo kinapofanyika, na kiasi ambacho mwenye kadi ameshalipa tangu mwaka wa bima ulipoanza.

Maneno ya kuyajua kwanza

Didaktibo ni kiasi unachotakiwa kulipa kutoka mfukoni mwako ndani ya mwaka mmoja wa bima kabla kampuni haijaanza kuchangia. Ikiwa didaktibo yako ni dola 1,500, basi vipimo na matibabu ya mwanzo mpaka kufikia jumla hiyo ni juu yako, isipokuwa huduma ambazo mkataba umezitoa nje ya sharti hilo. Wengi hudhani kwamba ile ada ya kila mwezi inaipunguza didaktibo. Haiipunguzi hata kidogo. Ada ni gharama ya kuwa mwanachama tu, utibiwe usitibiwe.

Ukishaimaliza didaktibo, huduma haiwi bure. Inaanza hatua ya kuchangia kwa asilimia, ambapo bima inalipa, tuseme, asilimia 80 ya bei nawe unalipa 20. Kopei ni jambo jingine kabisa: ni kiasi kisichobadilika, kwa mfano dola 30, unachotoa dirishani kila unapokwenda kumwona daktari, na mara nyingi kinahusu kule kuonana naye pekee. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu analipa kopei, anaelekezwa chumba cha pili kutoa damu, na kwake yeye hiyo ni safari moja ambayo ameshailipia. Kwa bima, kuonana na daktari ni huduma moja, na chupa ya damu iliyopelekwa maabara ni huduma nyingine yenye bili yake, ambayo katika mikataba mingi inapita kwanza kwenye didaktibo.

Juu ya hayo yote kuna ukomo wa mwaka, yaani kiasi cha juu kabisa unachoweza kudaiwa kwa huduma zilizomo ndani ya mkataba. Ukishakifikia, bima inalipa asilimia 100 mpaka mwaka uishe. Serikali hupanga kila mwaka kiwango ambacho mikataba inayofuata sheria ya bima ya mwaka 2010 hairuhusiwi kukizidi. Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200 kwa mtu mmoja na dola 18,400 kwa familia. Didaktibo, kopei na asilimia unayochangia vyote huhesabiwa kuelekea ukomo huo. Ada ya kila mwezi haihesabiwi, na kwa kawaida hata fedha ulizomlipa mtoa huduma aliye nje ya mtandao wa bima yako, yaani asiye miongoni mwa madaktari, hospitali na maabara zilizokubaliana bei na bima hiyo, hazihesabiwi humo.

Wenye familia wana swali moja la ziada la kuuliza. Katika mikataba mingine kila mtu ana didaktibo yake ndogo ndani ya ile ya familia, hivyo mtoto aliyelazwa anaweza kuimaliza ya kwake na kuanza kuchangiwa ijapokuwa wengine hawajatibiwa. Katika mingine hakuna didaktibo ya mtu mmoja mmoja, na bima haitoi kitu mpaka ile kubwa ya nyumba nzima ijae. Tofauti hii huandikwa kwa sentensi moja tu kwenye muhtasari wa mkataba, ule wa kurasa chache ambao sheria inailazimu kila bima kuutoa kwa mpangilio uleule, na inafaa kuitafuta sentensi hiyo leo, kabla mtu hajaugua.

Daktari ameandika sababu gani?

Sheria ya mwaka 2010 iliweka jambo ambalo ningependa kila Mswahili anayeishi Marekani alijue: vipimo vya kinga, vile anavyofanyiwa mtu asiye na dalili ili ugonjwa ugunduliwe mapema, hulipwa na bima kwa ukamilifu, bila kopei na bila didaktibo, iwapo vimo kwenye orodha inayotambuliwa na sheria na mtoa huduma yumo kwenye mtandao wa bima. Kanuni hii haiihusu mikataba ya zamani iliyokuwepo kabla ya sheria hiyo na ambayo haijabadilishwa sana, wala bima za muda mfupi.

Katika orodha hiyo kuna mamografia (picha ya matiti ya kutafuta saratani) kwa wanawake kuanzia miaka 40, uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 45 hadi 75, kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kuanzia miaka 21 hadi 65, kipimo cha virusi vya UKIMWI, kipimo cha homa ya ini aina ya C, na kipimo cha kisukari kwa watu wa miaka 35 hadi 70 wenye uzito uliozidi. Vipo pia viwili ambavyo wengi wetu hatuambiwi. Kipimo cha homa ya ini aina ya B kimependekezwa kwa watu waliozaliwa katika nchi ambako maambukizi yamefikia asilimia 2 au zaidi ya wakazi, na kipimo cha kifua kikuu kilichojificha mwilini kimependekezwa kwa waliozaliwa au kuishi katika nchi ambako ugonjwa huo umeenea. Nchi nyingi za Afrika zimo katika makundi yote mawili. Kama hujawahi kupimwa, mweleze daktari ulikozaliwa, kwa sababu huenda hajafikiria kuuliza, na kipimo hicho hakipaswi kukugharimu kitu.

Kipimo hichohicho, kwenye mashine ileile, hubadilika bei pindi sababu yake inapobadilika. Daktari anapoagiza kipimo huandika misimbo miwili: mmoja unataja kipimo chenyewe, mwingine unataja sababu. Mchukue mama wa miaka 47 aliyekwenda kwa ukaguzi wake wa afya wa kila mwaka. Kwenye fomu ya maabara, kipimo cha mafuta mwilini kimeandikwa 80061 na sababu ni Z00.00, yaani ukaguzi wa kawaida wa mtu mzima ambao haukuonyesha tatizo. Katikati ya mazungumzo anasema kwamba siku hizi anachoka mno. Daktari, kwa nia njema na kwa haki kabisa, anaongeza kipimo cha tezi ya thairoidi na cha vitamini D, na pembeni yake anaandika R53.83, msimbo wa uchovu. Vipimo hivyo viwili havimo kwenye orodha ya kinga, na sasa sababu yake ni dalili. Vitapita kwenye didaktibo, na huenda hata ziara yenyewe ikagawanywa mara mbili: sehemu ya ukaguzi isiyolipiwa, na sehemu ya kushughulikia uchovu inayolipiwa kopei.

Simwambii mtu afiche dalili zake ili aokoe dola themanini. Uchovu huo unaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa mkubwa. Wala usimwombe daktari aandike sababu isiyo ya kweli, kwa kuwa huo ni udanganyifu kisheria, kwake na kwako. Linalofaa ni kuuliza palepale: "Je, vipimo vyote hivi vinahesabiwa kuwa vya kinga? Kipi si cha kinga, na je, kinahitajika leo?" Daktari mwema atakujibu bila kuudhika, na pengine atasema kwamba cha vitamini kinaweza kusubiri majibu ya vile vingine.

Uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera unastahili neno lake, kwa sababu bili zake ni kubwa na makosa ni mengi. Ikiwa umefanyiwa kwa ajili ya kinga na daktari akakuta uvimbe mdogo akauondoa papo hapo, kuondolewa kwake ni sehemu ya uchunguzi uleule na hupaswi kutozwa. Ikiwa ulianza na kipimo cha choo nyumbani na majibu yakataka ufanyiwe ule wa kamera, huo wa pili nao unalipwa kwa ukamilifu katika mikataba ambayo mwaka wake ulianza tarehe 31 Mei 2022 au baadaye. Bili ikija kinyume na haya, pinga. Mara nyingi ni msimbo tu ulioandikwa vibaya.

Mahali kinapofanyika

Kila bima ina bei iliyokubaliana na kila mtoa huduma katika mtandao wake, na bei hiyo ndiyo inayotumika hata pale unapolipa peke yako kwa sababu didaktibo haijajaa. Bei kubwa ya kwanza inayotajwa kwenye bili si deni lako. Hata hivyo, bei zilizokubaliwa zenyewe hutofautiana sana, hasa kati ya idara ya hospitali na kituo kinachojitegemea cha picha au maabara.

Tuseme umeagizwa picha ya MRI ya goti. Didaktibo yako ni dola 1,500, umeshalipa 1,100, na mchango wako baada ya hapo ni asilimia 20. Hospitali inataja dola 2,600, lakini bei iliyokubaliwa na bima ni 1,400. Utalipa kwanza dola 400 zilizobaki kwenye didaktibo. Zinabaki dola 1,000, na asilimia 20 yake ni 200. Jumla yako ni dola 600. Kituo kilicho mtaa wa pili, ambacho nacho kimo kwenye mtandao, kina bei iliyokubaliwa ya dola 550: utalipa 400 na asilimia 20 ya 150, yaani 30, jumla 430. Sasa ifanye hesabu hiyohiyo mwezi Januari, kabla hujalipa chochote. Hospitalini utalipa dola 1,400 zote, kituoni 550. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mwendo wa hesabu ndio huohuo kila mahali, na unaonyesha kwa nini anayeanza mwaka na didaktibo nzima ndiye anayepaswa kuhangaika zaidi na suala la mahali.

Uliza pia nani atakayesoma picha. Kipimo cha picha huwa na bei ya mashine na bei ya daktari anayetoa maelezo, na bili mbili zinaweza kuja kutoka ofisi mbili. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria inakulinda: ukiwa katika hospitali iliyomo kwenye mtandao, daktari wa picha, wa usingizi au wa maabara aliye nje ya mtandao haruhusiwi kukudai zaidi ya ambavyo ungelipa kama angekuwa ndani. Lakini ulinzi huo haufiki kila mahali. Damu iliyotolewa katika ofisi ya kawaida ya daktari na kutumwa maabara iliyo nje ya mtandao inaweza kukuletea bili kamili, na ofisi nyingi hutuma sampuli mahali palepale walipozoea bila kuangalia kadi yako. Sema jina la maabara ya mtandao wako kabla hujakunja shati, au omba fomu uipeleke maabara mwenyewe.

Simu ya dakika kumi na tano

Kabla ya kipimo chochote kikubwa, omba ofisi ya daktari ikupe msimbo wa kipimo na msimbo wa sababu, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi. Kiingereza kikiwa kigumu, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria kutoa mkalimani bila malipo, na bima nyingi nazo zinabanwa na sharti hilo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya fedha na ugonjwa. Ni mzigo ambao hapaswi kuubeba, na neno moja likipotea hesabu yote inapotea.

Mweleze anayepokea: "Nimeagizwa kipimo chenye msimbo huu, kwa sababu yenye msimbo huu, mahali hapa. Je, pamo kwenye mtandao wangu? Kinahitaji idhini ya awali? Kinapita kwenye didaktibo? Imebaki kiasi gani? Bei mliyokubaliana nao ni ngapi?" Swali la idhini, yaani ruhusa ya bima kabla ya kipimo, usiliruke, maana picha za MRI na CT mara nyingi huihitaji, na isipokuwepo bima inaweza kukataa kulipa hata kama kipimo kilikuwa cha lazima. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu. Tangu Januari 2024 bima nyingi za binafsi zinatakiwa pia kuwa na kikokotoo kwenye tovuti kinachoonyesha makadirio yako wewe, kwa kuzingatia kiasi ulicholipa tayari. Nikishauriwa kuchagua, hufanya yote mawili, kwani majibu yakitofautiana nina haki ya kuuliza sababu.

Asiye na bima, au aliyeamua kutoitumia, ana njia yake: akipanga miadi siku tatu za kazi au zaidi kabla, anapaswa kupewa makadirio ya bei kwa maandishi, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi anaweza kuwasilisha pingamizi ndani ya siku 120. Wakati mwingine bei ya kulipa taslimu huwa chini kuliko ile ya bima. Inafaa kuiuliza, ila ukumbuke kwamba fedha hiyo kwa kawaida haitahesabiwa kwenye didaktibo yako.

Bahasha mbili zinapofika

Baada ya kipimo utapata karatasi mbili, na zinafanana kiasi cha kuchanganya. Ya bima ni taarifa ya malipo. Imeandikwa wazi kwamba si bili, na inaonyesha bei iliyotajwa, punguzo la mkataba, bima ililipa ngapi, na sehemu yako ni ngapi. Ya maabara au hospitali ndiyo bili. Usilipe bili kabla taarifa ya bima haijafika, na usilipe kama kiasi cha mwisho kwenye karatasi hizo mbili hakilingani.

Niliwahi kulipuuza hilo. Bili ya maabara ilikuja ya dola 312, nami nikalipa siku ileile kwa hofu ya kupelekwa kwa wakusanya madeni. Mwezi uliofuata niliitazama vizuri, nikaona kwenye safu ya punguzo la bima pameandikwa sifuri. Tarakimu moja ya namba ya kadi yangu ilikuwa imekosewa walipoiingiza kwenye kompyuta, na madai hayakuwahi kufika kwenye bima. Yalipopelekwa upya, deni langu lilikuwa dola 41. Fedha zilirudi, baada ya simu nne na miezi mitatu. Tangu hapo safu ya kwanza ninayoitazama ni hiyo ya punguzo: ikiwa tupu, bima haijaguswa.

Ikiwa bima imekataa kulipa, soma sababu iliyoandikwa. Msimbo uliokosewa hurekebishwa na ofisi ya daktari kwa kutuma madai upya, na haina haja ya mabishano. Kukataa kwa hoja kwamba kipimo hakikuwa cha lazima kunahitaji kukata rufaa kwa maandishi, ukiambatisha barua ya daktari. Una siku 180 tangu upate taarifa ya kukataliwa. Rufaa ya ndani ikishindikana, katika maamuzi ya namna hiyo ya kitabibu unaweza kuomba mkaguzi wa nje asiye mwajiriwa wa bima ndani ya miezi minne, na uamuzi wake unaibana kampuni.

Na ikiwa bili ni sahihi lakini uwezo haupo, usikae kimya. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na zinatakiwa kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Aliye na bima naye anaweza kuomba, kwa kuwa hospitali nyingi huifuta au kuipunguza hata ile sehemu ya didaktibo. Omba fomu kwa jina lake, fomu ya msaada wa kifedha, wala usikubali kuelekezwa moja kwa moja kwenye mpango wa kulipa kidogo kidogo kabla haijajibiwa. Ambatisha hati za mshahara wa hivi karibuni, baki na nakala, na uwaombe waandike kwenye akaunti yako kwamba maombi yanashughulikiwa, ili bili isitumwe kwa wakusanya madeni wakati unasubiri.